Stempu Yenye Kovu

Nyarugusu, 9 Mei 1937

Dada Mwanne,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi cha vumbi la machimbo kimepungua, na Zuwena mwambie mjomba wake hajasahau ahadi ya shanga. Najua umeshakunja uso, unasema Hatibu akianza kwa utamu hivi ana jambo. Ninalo.

Hapa mgodini kuna Mzungu anayepima dhahabu kabla haijafungwa kwenda pwani. Sisi tunamwita Bwana Mizani. Wenzake siku ya Jumapili huenda kuwinda, yeye hujifungia na kitabu kikubwa kilichojaa stempu kuukuu. Si za barua tu. Anazozipenda kuliko zote ni za ushuru, zile zinazobandikwa kwenye stakabadhi na hati za mauzo, kisha muuzaji akatia sahihi au dole gumba juu yake. Hizo, anasema, watu huzitupa, ndiyo maana hazionekani. Nilimpa moja niliyoikuta kwenye mfuko wa koti la marehemu baba. Akaishika kwa kikoleo kidogo kama daktari anayetoa mwiba, akaniuliza baba yangu alikuwa nani.

Nikamweleza habari za duka la baba na kasha lake. Usinikasirikie, dada. Kasha lile lina karatasi za nusu ya Shinyanga tangu enzi za rupia, na wengi wa wenyewe wamekwisha kufa. Karatasi zitabaki kwako vilevile. Nataka stempu tu.

Karani wa stoo anarudi kwao, na Bwana Mizani ndiye anayesikilizwa na meneja. Mimi mwenye kusoma na kuandika bado nabeba magunia. Nifikirie.

Mdogo wako,
Hatibu Zamoyoni


Shinyanga, 25 Mei 1937

Hatibu,

Marahaba. Barua yako imefika, na uso nimeukunja kama ulivyosema.

Umesahau kasha lile ni nini, au mgodi umekuziba masikio? Watu wa vijijini nyumba zao ni za nyasi. Zikiungua karatasi imekwenda, zisipoungua mchwa wanaila. Ndiyo maana walimletea baba hati zao za ng'ombe, za mashamba na za madeni, naye akazitia kashani bila kutaka hata kikombe cha mtama. Mtu akirudi baada ya miaka kumi hupewa karatasi yake kama alivyoileta. Baba alipofariki walikuja msibani, na baada ya arobaini wakaja tena kuniuliza kama mlango bado ni uleule. Nikawaambia ni uleule.

Na kuna jambo la sheria. Unamkumbuka kijana wa duka la kona aliyekuwa akiosha stempu zilizotumika na kuziuza tena? Yuko wapi leo? Mimi ni mjane mwenye mtoto, sina nafasi ya kufungwa kwa ajili ya vikaratasi vya kuchezea Mzungu. Muulize mtu anayeijua sheria. Usimuulize anayezitaka stempu.

Sikusema ndiyo.

Dada yako,
Mwanne


Nyarugusu, 8 Juni 1937

Dada Mwanne,

Shikamoo. Nimemuuliza Theonest, karani wa ofisi kuu, Mhaya aliyesoma hadi wenzake wanamuogopa. Alifungua kitabu mbele yangu. Kosa ni kuibandua stempu ili itumike tena, kama alivyofanya yule kijana wa duka. Kukusanya stempu iliyokwisha kazi si kosa hata kidogo. Ushuru umekwisha kulipwa, serikali imekwisha kupata chake, na kilichobaki ni ganda la karanga. Maneno ni yake, si yangu.

Basi sheria iko safi. Karani wa stoo anaondoka mwezi wa saba.

Hatibu


Shinyanga, 2 Julai 1937

Hatibu,

Umenishinda, na sijui kama nimeshindwa na sheria yako au na sauti yako. Tangu utoto ukililia kitu mimi ndiye ninayechoka kwanza.

Bahasha hii mpe Bwana wako. Nimezitoa kwa mvuke wa sufuria, taratibu, hakuna iliyochanika. Nilianza na za marehemu tu, wale ambao hata watoto wao hawajulikani walikohamia. Kisha mkono ukanogewa. Ukishaanza kazi ile huachi, kila karatasi unajiambia na hii pia.

Moja niliisitia. Ni ya Mzee Maganga wa Samuye, yule mfugaji aliyekuwa akikubeba mabegani siku za mnada. Yeye yu hai, juzi tu ameleta maziwa. Karatasi ni ya mwaka 1923, mwandiko wa baba mwenyewe, kwamba Maganga amenunua mitamba minne kwa marehemu baba wa Luhende, wa hukohuko Samuye. Ina stempu ya kichwa cha twiga, na juu yake muuzaji ametia dole gumba. Katikati ya wino umepita mstari mweupe. Lile ni kovu la shoka, marehemu alijikata ujanani na Samuye nzima ilimjua kwalo. Nilipoibandua, nusu ya dole ilibaki kwenye karatasi, na nusu yenye kovu ikaja na twiga.

Nimeitia humo pamoja na nyingine. Theonest amesema si kosa.

Mwanne


Nyarugusu, 30 Julai 1937

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Shikamoo mara elfu. Mimi ndiye karani wa stoo. Nina meza, nina ufunguo, na wale walionibebesha magunia sasa wanapanga foleni mbele yangu kuchukua posho ya unga na nyama.

Ungemwona Bwana Mizani alipofungua bahasha ile. Yule twiga wako amempa ukurasa wake peke yake, na kila mgeni anayekuja huonyeshwa lile kovu.

Nakuletea kwa mkono wa Nassibu, dereva wa lori, taa ya karabai kama wanazoshukia nazo machimboni. Ukiiwasha mtaa mzima utadhani umeleta mchana ndani. Usishone tena kwa koroboi, utaharibu macho.

Karani wako,
Hatibu


Shinyanga, 14 Septemba 1937

Mdogo wangu Hatibu,

Taa imefika na kweli inawaka. Zuwena amekataa kulala wiki nzima.

Nina haja ndogo. Ile stempu ya twiga yenye kovu naitaka. Nimemwota baba amekaa juu ya kasha, ananitazama tu, na mimi ndoto za hivyo sizipendi. Mwambie Bwana wako akurudishie, nyingine zote abaki nazo.

Mzee Maganga alikuja majuzi kuchukua karatasi yake. Nilimpa ikiwa imekunjwa. Yeye hasomi, aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kifuani, akaisifu taa. Akasema nyumba hii baba yangu aliiwasha kwa namna yake na mimi nimeiwasha kwa namna yangu. Ameniachia jogoo. Anasema ana maneno kidogo na Luhende.

Usichelewe.

Mwanne


Nyarugusu, 1 Oktoba 1937

Dada Mwanne,

Shikamoo. Pole kwa ndoto. Lakini jambo hilo limenipita. Bwana Mizani alikwisha kuzipeleka zote kwao Ulaya, kwa ndugu yake, na hivi tunavyozungumza twiga yumo melini au amekwisha kushuka. Hata kama ningetaka, mkono haufiki.

Msomee baba hitima, ndoto itaondoka. Jogoo kuleni.

Hatibu


Shinyanga, 6 Novemba 1937

Hatibu,

Nakuandikia nimefunga, na sijui kama saumu yangu inapokelewa. Sikukwambia ukweli mwezi wa tisa. Haikuwa ndoto.

Luhende amedai kwamba mitamba ile minne baba yake hakuiuza, alimwekesha Maganga tu, amfugie, kama watu wanavyowekeshana mifugo huku. Unajua maana yake. Ng'ombe wa kuwekeshwa hawi wako hata ukimlisha miaka ishirini, na wazao wake wote ni wa mwenyewe. Kundi lote la Maganga limetoka kwenye mitamba ile. Ndiyo mahari ya wanawe, ndiyo chakula chake cha ukame, hana kingine.

Alipokuja hapa aliniambia yote hayo. Alikaa kwenye kiti cha baba, chini ya taa yako, akasema kwa raha kabisa, "Mwache Luhende aseme. Karatasi yangu iko kwako, na dole la baba yake limo." Nami nikaenda kashani, nikaitoa, nikaikunja mara mbili zaidi ili kile kidirisha kitupu kisionekane. Nilitaka kusema. Lakini yeye alikuwa anaichekea taa kama mtoto. Nikajiambia Hatibu ataileta kabla ya baraza kusikiliza kesi.

Barazani wameifungua. Wameona pale pa stempu pameng'oka, na dole la nusu. Luhende amesema nusu ya dole yaweza kuwa ya mtu yeyote, na mwandiko ni wa baba, mfanyabiashara rafiki yake Maganga. Wazee wangelitambua kovu, lakini kovu liko melini. Wakamuuliza Maganga kwa nini ameing'oa. Akasema hajaifungua tangu nilipompa. Watu wakacheka.

Wakamtuma tarishi kwangu, aniulize kama karatasi ilikuwa na stempu ilipokuwa kashani. Hatibu, nilisimama mlangoni kwangu, mtoto wa Mzee Zamoyoni, nikasema, "Sikumbuki."

Amri imetoka Luhende apewe ng'ombe. Maganga amekata rufaa kwa Bwana Shauri, yule Mzungu anayeamua kesi bomani, itasikilizwa mwezi wa kwanza.

Theonest wako alijibu swali tulilomuuliza. Tulimuuliza kama ni kosa kukusanya. Hatukumuuliza stempu ile ilikuwa ya nani. Mimi nilijua, na sikuuliza kwa sababu nilijua.

Taa nimeizima. Tunatumia koroboi.

Mwanne


Nyarugusu, 8 Desemba 1937

Dada Mwanne,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Nimesoma barua yako na nimesikitika. Lakini umeshasema hukumbuki, basi usikumbuke. Ukienda kujitaja utajiingiza wewe, utaniingiza mimi, na ng'ombe hawatarudi kwa maneno. Maganga ana wanawe, watamsaidia.

Kazi ni nyingi. Sikukuu tumekula vizuri, stoo ililetewa kundi zuri la ng'ombe kutoka upande wa huko kwenu, likapita Segese kwa miguu. Kulikuwa na jike mweupe mwenye pembe moja iliyoinama hadi karibu na jicho, wachimbaji wakamwita Bibi Harusi kwa vile alivyojifunika. Nilichukua fungu la mbavu mimi mwenyewe.

Zuwena nimemwekea shanga.

Hatibu


Samuye, 14 Desemba 1937

Kwa Mayu Mama Zuwena, Shinyanga mjini.

Mimi Maganga nakusalimu, wewe na mtoto. Anayeandika ni Stanslaus, katekista wa hapa kwetu, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia asiongeze neno.

Mayu, mama yangu, ng'ombe zangu zimeondoka. Luhende hakuzikalisha. Amewauzia wachinjaji wanaopeleka nyama kwenye dhahabu. Ameanza na wakubwa, hata yule mweupe wa pembe iliyoinama, mama wa wengi. Yule alikuwa binti wa mtamba wa kwanza niliyemnunua kwa baba yake. Wangu wa kiume wawili wameenda kutafuta vibarua. Mimi nimebaki na mbuzi.

Nasikia hukukumbuka. Usione haya. Karatasi ni nyingi katika kasha lile, na mtu hawezi kukumbuka kila moja. Mimi nafikiri iling'olewa huko barazani, ilipita mikono mingi. Niliwaambia wote, katika nyumba ya Mzee Zamoyoni hata uzi haupotei.

Nitakwenda kwa Bwana Shauri. Naomba uje usimame nami. Huna haja ya kukumbuka stempu. Sema tu jinsi mnavyozitunza karatasi zetu, wewe na baba yako, ili Mzungu ajue mimi si mwongo. Wewe wakikuona watakuamini.

Nimekuletea mbaazi kwa mkono wa Stanslaus.

Maganga, ametia dole.


Shinyanga, 18 Desemba 1937

Hatibu,

Nakuwekea humu barua ya Mzee Maganga. Isome pale kuhusu ng'ombe mweupe, kisha ukumbuke ulichoniandikia baada ya Idi. Mimi nimezisoma barua zote mbili pamoja.

Sikuandikii kukutukana. Ulioibandua si mkono wako, ni wangu. Wewe uliomba tu, na kuomba ni kazi yako tangu ulipozaliwa. Lakini mzee yule anataka nisimame mbele ya Mzungu niape kwamba nyumba yetu hainyofoi. Ananitetea kwa watu, Hatibu. Nikipita sokoni naogopa nisikutane na mtu wa Samuye akanisalimu kwa heshima.

Nitakwenda bomani. Sitasema ninavyotunza karatasi. Nitasema nilivyoibandua. Wakinifunga, Zuwena atakuja kwako na lori la Nassibu, nguo zake nimeshazifunga. Jina lako sitalitaja isipokuwa waniulize, na wakiniuliza sitadanganya tena.

Sikuombi kitu. Stempu iko Ulaya, na mtu haombi kilicho ng'ambo ya bahari.

Mwanne


Nyarugusu, 30 Desemba 1937

Dada,

Haikwenda Ulaya.

Ilikuwa hapa siku zote, katika kitabu cha Bwana Mizani, hatua chache kutoka stoo. Mwezi wa tisa uliponiomba niliogopa. Tangu mwanzo nilikuwa nimemwambia Bwana Mizani kwamba karatasi zote ni za baba yetu, na stempu ni urithi wangu. Nikiirudia, nilifikiri, atauliza kwa nini, na akijua nimempa mali ya watu, ufunguo huu ataninyang'anya. Basi nikakuandikia habari za meli. Uliponieleza ya Maganga nilijiambia imeshachelewa. Kila nilipoitwa kwake kuchukua hesabu ya stoo, kitabu kilikuwa wazi mezani, na kovu lile likiniangalia.

Barua ya Maganga niliisomea stoo, ndoano za nyama zikiwa juu yangu. Pembe ya yule jike ilikuwa bado imetundikwa ukutani, vijana waliipenda. Nimeishusha.

Nilikwenda kwa Bwana Mizani saa ileile na kumwambia yote. Sikujua nikae au nisimame. Alinisikiliza, akafungua kitabu, akaitoa stempu kwa kikoleo chake, akaitia katika karatasi laini akanipa. Akaniuliza swali moja tu, kwa nini sikumwambia tangu mwanzo. Alisema mkusanyaji wa kweli hataki stempu inayotafutwa na mwenyewe, na kama ningeiomba mwezi wa tisa angenipa mwezi wa tisa.

Ilikuwa ni kuomba tu, dada. Mimi ninayejua kuomba kila kitu.

Ufunguo hajaninyang'anya. Nimemrudishia meneja mwenyewe. Nassibu anakuletea stempu hii, nimemwapisha asiitie mfukoni, ameifunga ndani ya kofia. Pamoja nayo kuna barua niliyomwandikia Bwana Shauri, nimetaja jina langu na nilivyokushawishi. Mimi nitakuja kwa miguu, kwa njia ile ile waliyopitia ng'ombe. Pembe naileta. Sijui nitampaje, lakini kuitupa siwezi.

Hatibu


Shinyanga, 29 Januari 1938

Hatibu,

Nassibu ananiambia umelala na homa Segese, miguu imevimba. Tulia hapo hadi upone. Nakuandikia ujue yaliyopita, usije ukayasikia njiani kwa watu.

Nilisimama bomani. Karatasi ikawekwa mezani, na mimi nikaiweka stempu pale ilipotoka. Nusu ya dole ikakutana na nusu yake, mistari ikaungana, na kovu likapita katikati kama lilivyokuwa siku baba alipoishikilia karatasi ile kwenye kaunta ya duka lake. Wazee wa Samuye waliitwa mmoja mmoja kuitazama. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mmoja wao alilia, alikuwa mwenzake marehemu katika kazi ya shoka. Hata Luhende mwenyewe aliinama akalitazama sana dole la baba yake, akasema yeye aliambiwa tangu mtoto kwamba mitamba iliwekeshwa. Sidhani alidanganya.

Rufaa Maganga ameshinda. Atarudishiwa waliobaki, na hao ni wachache, ndama zaidi. Waliochinjwa Luhende ameamriwa awalipe polepole, na hana cha kulipia, kwa kuwa fedha zilikwisha kuondoka.

Kisha ikawa zamu yangu. Niliyasema yote, mvuke na sufuria na sikumbuki. Barua yako ikasomwa. Bwana Shauri akafungua kitabu, nadhani ni kilekile cha Theonest, akasoma kwa muda, akasema hakuna kifungu kinachonikamata. Kukusanya stempu kuukuu si kosa, na sikuitumia tena. Kwa kumdanganya tarishi alinikaripia, na alinikaripia kwa upole, kama mtu anayemwonya mtoto asicheze na moto. Akaniambia niende nyumbani. Nilibaki nimesimama pale, mkalimani akadhani sikusikia akarudia. Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nangoja wanipe kitu cha kubeba.

Tangu siku ile wanakuja. Hawaji kwa ugomvi. Wanasalimu, wanauliza hali ya Zuwena, wanakunywa maji, kisha wanasema, "Mama Zuwena, naomba ile karatasi yangu." Nawapa. Wengine nawaonyesha pale palipong'oka na kuwaambia ni mimi. Wanaitikia tu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Jana alikuja Mzee Maganga. Ameandikiwa hati mpya bomani ya ng'ombe wake waliobaki, yenye stempu mpya na dole lake mwenyewe. Alinisalimu kama zamani, akakaa kwenye kiti cha baba, akamletea Zuwena maziwa kidogo, akaomba radhi kwa uchache. Nikamwambia habari ya pembe, kwamba unaileta. Akasema, "Ailete." Kisha akanipa hati akaniambia, "Nisomee, mayu." Nikamsomea yote, jina lake, rangi ya kila ng'ombe.

"Na stempu?"

"Ipo," nikamwambia.

Akaitaka aiguse. Nikampa, akaipapasa kwa kidole kote kandokando, hadi aliporidhika. Nami nikanyoosha mkono kuipokea, kwa mazoea tu, kwani karatasi hiyo ingeingia wapi kama si kashani. Aliutazama mkono wangu. Hakukunja uso. Aliikunja ile hati, akaitia katika kibati cha tumbaku, kibati akakifunga kwa kitambaa, akakitia kifuani, akaniaga vizuri.

Mkono ule niliurudisha, na ndio ninaokuandikia.

Dada yako,
Mwanne